Kwikwi ya Alasiri

Mume wangu Kibwana alikuwa fundi wa injini, na watu wakiniomba niwaeleze habari zake hutaka nianze na sifa. Sianzi na sifa mimi. Naanza na mwiko wangu wa pilau, ule mrefu niliopewa na shangazi siku ya harusi, ambao aliuchukua jikoni bila kuniaga akaenda nao mashineni. Niliutafuta siku mbili, nikawagombeza majirani bure. Siku ya tatu nilipompelekea chakula nikamkuta ameinama, ncha moja ya mwiko ameikandamiza kwenye kichwa cha injini, ncha nyingine ameitia sikioni, macho kayafumba. Nikamwambia, wewe mwanamume una wazimu, lete mwiko wangu. Akanionyesha kidole, ninyamaze. Nikanyamaza, na wanaonijua wanajua hiyo si kawaida yangu. Nilinyamaza kwa sababu niliona machozi yanamtoka.

Nitaeleza alikuwa akisikiliza nini. Lakini kwanza mjue mtu mwenyewe.

Kibwana alizaliwa Mitole, kwa watu wa jembe. Alipokuwa kijana alikimbilia mashamba ya mkonge upande wa Lindi, akapewa kopo la mafuta na kitambaa, akaambiwa kazi yake ni kuipaka injini. Akaipaka miaka saba. Hakuna aliyemfundisha, alijifunza kwa kuiangalia, kama mtu anavyojifunza tabia za mama mkwe. Shamba liliponunua injini mpya, ile kuukuu ikauzwa kwa Bwana Abdulatifu, mfanyabiashara wa hapa Kilwa Kivinje, aliyetaka kufungua mashine ya kusaga nafaka. Injini ikaletwa, na Kibwana akaja nayo, maana mwingine asingeweza kuiwasha. Mimi nilipoolewa niliolewa na wote wawili.

Ilikuwa ya dizeli, silinda moja, na magurudumu mawili mazito ya chuma yanayofika kifuani mwa mtu mzima. Sauti yake ilikuwa tu, tu, tu, polepole, na mji mzima tuliizoea. Ikizimwa saa sita tulijua kumekuwa adhuhuri. Ikizimwa jioni tulijua wanaume wanarudi. Wakati huo Mwingereza ndiye mtawala, bendera yake iko bomani, lakini sisi wanawake wa Kivinje tulitawaliwa na injini ile, kwa sababu ndiyo iliyotuondolea kinu na mchi.

Mashineni palikuwa na kijana wa miaka ishirini na mitano hivi, jina lake Nassibu, kazi yake kumimina nafaka juu na kukinga unga chini. Alikuwa mtoto wa pekee wa Bi Mwahija, mjane aliyekaa nyumba ya nne kutoka kwetu. Nassibu alikuwa na mdomo. Alinitania kila nikifika, ananiita mke mdogo wa fundi, kwamba mke mkubwa ni injini. Kibwana alimpenda kama ndugu wa tumbo moja, na yeye alimwita Kibwana kaka.

Ramadhani ya mwaka 1950, wakati wa alasiri, mkanda wa mashine ulimnasa Nassibu ncha ya shuka. Kibwana alifunga mafuta palepale, lakini magurudumu yale hayasimami kwa sababu wewe umetaka. Yalipokuja kusimama, kijana alikuwa ameshaumia vibaya. Wakamlaza juu ya magunia. Wanaume waliokuwapo walikuwa wanne, na wote wanne walikwenda kwa Bi Mwahija wakamwambia neno moja: mwanao amekata roho palepale, hakuteseka. Mama akashukuru Mungu kwa hilo. Kwenye matanga nilimsikia mwenyewe akiwaambia waliokuja kumpa pole, mwanangu hakuteseka.

Idd pili, mchana, nilimpakulia Kibwana chakula barazani, hakukigusa. Nikamuuliza kama chumvi imezidi. Ndipo akaniambia. Nassibu hakufa palepale. Aliishi karibu saa nzima juu ya magunia yale, na muda wote alikuwa akiomba maji. Wenzake wawili walikimbilia hospitali, mmoja akaenda kumwita Bwana Abdulatifu, na Kibwana akabaki naye peke yake, amemshika kichwa. Mtungi ulikuwa hatua tatu kutoka pale. Nassibu akasema, kaka, maji. Na Kibwana akamjibu, vumilia mdogo wangu, magharibi hii hapa.

Sasa, kwetu mtu anayekata roho hutiwa maji kinywani kwa kijiko, hata iwe mchana wa Ramadhani. Mgonjwa hafungwi na saumu. Hilo kila mtu analijua na Kibwana alilijua. Nilimuuliza kwa nini, na nilimuuliza kwa ukali, Mungu anisamehe. Akaniambia kwamba kumpa maji ilikuwa ni kukubali kuwa anakufa, na yeye hakutaka kukubali. Alidhani akimwambia habari ya kufuturu, basi kijana ataishi mpaka kufuturu. Adhana ya magharibi iliposikika, Nassibu alikuwa ameshakufa, na midomo yake mikavu.

Haukupita mwezi baada ya Idd, injini ikaanza kukosa.

Ilikuwa hivi. Inakwenda vizuri tangu asubuhi, tu, tu, tu. Ikifika alasiri, pigo moja linapotea. Inavuta pumzi, inakwama, kisha inapiga kwa nguvu na kutoa moshi mweupe, halafu inaendelea. Kibwana siku ya kwanza hakuogopa. Alicheka, akasema injini imeshikwa na kwikwi. Jina likaenea. Watu wakija kusaga wanauliza, kwikwi ya mashine imepona? Siku ile ile alifungua bomba la mafuta, akakuta washa moja ya shaba, kile kipete kinachoziba maungio, imepasuka, inaingiza hewa. Hewa ikiingia kwenye mafuta, pampu inasukuma upepo badala ya kusukuma mafuta, na pigo linapotea. Akachonga washa nyingine, akaifunga, kwikwi ikaisha. Nawaomba mlikumbuke hilo. Ugonjwa wa kweli aliutibu siku ya kwanza.

Baada ya wiki chache ukarudi. Alasiri, saa ile ile ambayo Nassibu alikuwa amelazwa juu ya magunia.

Safari hii Kibwana hakucheka. Alibadilisha washa zote. Akachomoa nozeli, ile inayopuliza mafuta ndani ya silinda, akaijaribu kwa mkono nje. Ikatoa ukungu mzuri wala haikudondosha hata tone. Akasugua valvu. Akazungusha magurudumu kwa mikono kuona kama silinda inashika upepo. Ikashika, ikamrudisha nyuma kama mbuzi anayekataa kamba. Akafungua parafujo ya pampu injini ikiwa na kwikwi, akaona mafuta yanatoka na vipovu vidogo vinavyong'aa. Akasema, hewa tu, iko hewa mahali. Akakata bomba lote, akafunga bomba jipya. Akakausha tangi kwa kupitisha mafuta yote kwenye bomba lile, yakatoka safi kama maji ya kisima. Kwikwi ikatulia. Wiki chache tena, ikarudi.

Bwana Abdulatifu akamwita fundi mwingine, Eusebio, mtu wa Nyangamara aliyefanya kazi kwenye injini za misheni. Alikuwa mtu mpole, na mjuzi kweli. Alikaa siku tano, akarudia yote aliyoyafanya Kibwana, na injini ikakaa bila kwikwi siku zote tano ikimwangalia. Eusebio aliondoka asubuhi. Alasiri ya siku ile kwikwi ikaanza. Watu wakaacha utani. Wanawake wakaanza kuleta nafaka asubuhi tu. Mmoja aliniambia waziwazi kisimani kwamba ile si kwikwi ya kushiba, ni kwikwi ya kilio, mtu analia mle ndani. Nilimtukana, nikaondoka na ndoo nusu. Lakini nami nilikuwa nimeshasikia hivyo hivyo.

Kibwana akakonda. Hakuwa mtu wa kulalamika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Bora mtu apige kelele nyumba ijue. Jioni anakaa anajihesabia vidole: nozeli sawa, valvu sawa, pampu sawa, bomba sawa. Siku moja akaniambia maneno ambayo sikuyasahau.

"Sada, ikinishinda hii, basi si chuma. Ni yeye."

Nikaelewa kwa nini analia na mwiko wangu sikioni. Alikuwa akitafuta ubovu kama mtu anayetafuta shahidi wa kumtoa jela. Akipata washa, akipata tundu, akipata uchafu wa kiasi cha punje ya ulezi, atajua kuwa ni injini tu imechoka na marehemu amelala. Asipopata, basi Nassibu yuko mle ndani anaomba maji, na ataomba kila alasiri mpaka siku Kibwana atakapokufa.

Mimi sikuwa na ufundi, lakini nilikuwa na jiko. Nilimwambia, Kibwana, ule moshi mweupe naujua, ndio moshi wa kuni mbichi. Mle ndani kuna maji. Akaniangalia kwa huruma ya mafundi. Akasema tangi amelikausha mara tatu na mafuta yalitoka safi, na vipovu ameviona kwa macho yake, na vipovu ni hewa. Nikamwambia, haya, basi mimi ni mpumbavu wa jikoni. Tukanuniana siku mbili.

Siku ya tatu, nadhani ni ili kunifunga mdomo, alikuja jioni na chupa ya dawa, ya kioo cheupe kinachoonyesha ndani, ameikinga chini ya parafujo ya pampu injini ikiwa katika kwikwi yake. Akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Mafuta yamejaa vipovu, kama alivyosema. Akaniambia, umeona hewa? Nikamwambia nimeona, hongera. Akaiweka dirishani, tukala bila kusemezana.

Asubuhi nilipofungua dirisha nikaiona chupa. Nikamwita. Hakuja, nikamwita tena kwa sauti ya mtu anayeunguliwa na nyumba. Akaja. Nikamwambia, wewe fundi, hewa hupanda au hushuka?

Vipovu havikupanda. Vilikuwa vimeshuka usiku kucha, vimekusanyika chini ya chupa, mafuta yako juu na chini yake kuna maji ya upana wa kidole. Kibwana aliichukua chupa kwa mikono miwili. Akakaa chini sakafuni. Akaanza kunieleza kwa haraka, anaieleza chupa zaidi kuliko mimi: tangi la injini halina kizibo cha chini, na bomba linatokea juu kidogo ya sakafu ya tangi, vidole viwili hivi. Maji ni mazito kuliko mafuta. Yanalala chini ya mdomo wa bomba. Injini ikizimwa ukikausha tangi kwa bomba lile, mafuta yanatoka safi na maji yanabaki yamelala. Asubuhi tangi linajazwa, maji yametulia. Alasiri mafuta yameshapungua, tangi linatikisika, maji yanavurugwa na kuingia bombani tone moja moja. Tone likifika silindani moto unakosa. Akacheka. Yarabi, sikuwa nimemsikia akicheka tangu siku ile ya kwanza ya kwikwi.

"Ni maji, Sada. Ni maji tu! Mapipa ya mafuta ya tajiri yameingia mvua."

Lau ningenyamaza hapo, angekuwa mtu huru mpaka siku ya kuingia kaburini. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Lakini nilikuwa nimeshika chupa, na jua lilikuwa limepanda, na maji yale ya chini hayakuwa na rangi ya mvua. Yalikuwa ya manjano. Nikamwaga mafuta ya juu taratibu, nikachovya kidole, nikanusa. Chini ya harufu ya dizeli kulikuwa na harufu nyingine, ndogo, ya mawaridi. Mdomo wangu ukasema kabla sijaushika. Nikasema, hii ni zafarani na marashi. Hili ni kombe.

Kila mtu wa pwani amewahi kunywa kombe. Mwalimu anaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, anaziosha kwa marashi, mgonjwa anakunywa. Mimi nimenyweshwa kwa homa na kwa mimba. Lakini sijawahi kusikia injini imenyweshwa.

Kicheko cha Kibwana kilikatika. Akauliza kwa sauti ndogo, nani? Nikajua, na nikaona kuwa naye amejua. Baada ya msiba, Bwana Abdulatifu alimpa Bi Mwahija kazi ya kufagia mashineni, achukue na pumba za kuuza, ili apate riziki. Alifagia jioni, watu wakishaondoka. Na mimi zaidi ya mara moja, siku ya Alhamisi, nilimwona akitoka kwa mwalimu na chupa kaificha ndani ya kanga.

Kibwana akasema, kumbe anajua. Anajua kwamba Nassibu aliniomba maji, na kila Alhamisi anakuja kumpa kwa mdomo wa tangi. Siku zile tatu kufikia Alhamisi sitaki kuzieleza sana. Alikwenda kazini, akasaga, na alasiri injini ilipoanza kwikwi hakufungua kitu chochote. Alikaa mbele yake mikono mapajani, akaisikiliza mpaka ilipozimwa.

Alhamisi tulimngojea Bi Mwahija wote wawili. Jua bado lilikuwapo, linaingia kwenye nyufa za mabati, na vumbi la unga linaelea. Akaingia na ufagio mkono mmoja na chupa ndani ya kanga. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akatuangalia, akajua kuna jambo. Akamwambia Kibwana, kuna nini mwanangu? Maana ndivyo alivyomwita tangu msiba, mwanangu.

Kibwana akampa kiti, akamwonyesha ile chupa ya dawa. Akamweleza polepole, kwa adabu, kwamba injini haiwezi maji. Kwamba moto wake unazimwa na maji, na ndiyo maana inakwama alasiri. Hakumlaumu. Bi Mwahija alisikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja mdomoni. Kisha akasema kwamba yeye alisikia watu wote wanasema, na Kibwana mwenyewe anasema, injini ina kwikwi. Akaja akasikiliza, akasikia kweli ni kwikwi, tena ni kwikwi ya mwanawe, maana Nassibu tangu mchanga akicheka sana hushikwa na kwikwi vile vile.

"Mtu wa kwikwi hupewa maji," akasema. "Ningempa nini kingine?"

Hakuwa anajua chochote. Alikuwa mama aliyesikia neno, akaleta maji. Na neno lenyewe lilitoka kinywani mwa Kibwana. Ningemshika mume wangu mkono tuondoke, mambo yangeishia hapo, mama angelia kidogo na injini ingepona. Nilimshika hasa. Akautoa mkono wangu, akapiga magoti kwenye vumbi la unga.

"Mama, Nassibu hakufa palepale. Aliniomba maji. Mtungi ulikuwa pale. Sikumpa."

Akamweleza yote, na la magharibi hii hapa. Hakujitetea kwa neno hata moja, wala hakulia. Bi Mwahija alikuwa akiutazama mtungi. Ulikuwa palepale ulipokuwa siku ile, hatua tatu. Akauliza, saa nzima? Kibwana akajibu, karibu saa nzima. Akauliza, aliniita? Kibwana akasema, ndiyo mama, alikuita.

Nilidhani atampiga, na ningemwacha ampige. Badala yake alifungua ile chupa ya kombe, akachukua kikombe cha bati kilichokuwa juu ya mtungi, akamimina. Kombe likamwagika kidogo. Akampa Kibwana.

"Kunywa, Fundi."

Kibwana akasema hastahili. Akamwambia tena, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, "Sijasema nimekusamehe. Nimesema unywe. Mwenye kwikwi ni wewe."

Akanywa. Alipofika katikati ya kikombe kilio kikamtoka, kilio cha kwikwi, kinamkata pumzi kama injini ile inavyokatwa, na mama wa watu akasimama juu yake kashika ufagio, hakumgusa. Kikombe kilipokwisha akaanza kufagia, akatufagia na sisi miguuni, mpaka tukatoka.

Kesho yake Kibwana alitoboa tangi chini, akatoa maji, akatia kizibo. Alasiri ilipofika, watu waliokuwapo wote walitega masikio. Tu, tu, tu. Haikukosa pigo hata moja siku ile, wala mwaka ule, wala miaka tisa iliyofuata. Bwana Abdulatifu akafurahi, akamsifu fundi wake mbele za watu. Watu wakarudi kusaga mpaka jioni. Lakini mimi niliyelala naye nasema kweli: kwikwi ilihama tu. Ilitoka kwenye chuma ikaja nyumbani kwangu. Kila alasiri, hata siku za Ijumaa mashine ikiwa imefungwa, alikuwa akikaa akigeuza kichwa, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili. Nikimuuliza unasikiliza nini ananiambia, injini. Na injini imezimwa, naijua, nami nina masikio.

Mtungi akauweka karibu kabisa na mashine, mahali ambapo mkono wa mtu aliyelala unafika, na akaujaza mwenyewe kila asubuhi, Ramadhani na isiyo Ramadhani. Watu walimcheka kwa hilo, na wengine walimsema vibaya.

Bi Mwahija aliendelea kufagia. Wakikutana wanaamkiana, anamwitikia. Lakini mwanangu hakumwita tena. Alimwita Fundi, miaka yote tisa, kama anavyoitwa na mteja aliyekuja na pishi yake ya mtama. Kibwana aliniambia mara moja kwamba kila akisikia neno lile anahisi mkanda umempitia ubavuni. Nikamwambia, vumilia. Nilipoliona neno lililonitoka nilitamani kujikata ulimi.

Mwaka 1960, Ramadhani tena, kifua kikamwangusha. Siku ya nane hakuweza kuinuka. Siku ya kumi na moja, alasiri, nilijua. Nikachukua bakuli la maji na kijiko, nikakaa kichwani kwake. Watu wa nyumbani walikuwa mlangoni, wamefunga, midomo imewakauka. Kibwana akafumba midomo. Kila nikikileta kijiko anageuza uso. Nilimbembeleza, kisha nikamgombeza kama nilivyozoea, nikamwambia hata leo unanifanyia ukaidi? Akaniambia kwa pumzi tu, bado magharibi.

Hapo ndipo Bi Mwahija alipoingia. Alikuwa mzee sana, ameshikiliwa na mtu. Hakuna aliyemwita. Akaketi kwenye mkeka, akanyoosha mkono, akaniambia, nipe mimi. Nikampa kijiko. Akamshika Kibwana kidevu, akamgeuza uso taratibu, na kwikwi ya kukata roho ilikuwa imeshaanza, nikaisikia, na yeye aliisikia.

"Kunywa, mwanangu," akamwambia.

Kibwana akafungua midomo akanywa. Akampa cha pili, akanywa. Cha tatu kilimwagikia shingoni, nikampangusa kwa kanga.